Niliigiza Kifo Changu Ili Niishi

Naitwa Katembo. Nina miaka thelathini na saba, nina mke na wasichana wawili. Nawaandikia kutoka Kipese, ninakolima sasa. Mpaka leo mtu asiyenijua akinitazama mara mbili, nashusha kofia na kugeuza njia...

Zamani nilikuwa acteur, mwigizaji wa filamu, Butembo. Sikuwa yule kijana mzuri anayeoa mwishoni, hapana! Nina kovu kutoka sikioni mpaka mdomoni, tangu nilipoangukia jembe utotoni. Kwa ajili ya kovu hilo, kila filme nilipewa kazi ileile: jambazi, muuaji, mtu wa kutoka msituni na panga. Tulizipiga vichochoroni kwa kamera ya Paluku, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Watu walizitia ndani ya simu zao, wakaziangalia mpaka wakazishika kwa kichwa. Sokoni wamama walinikimbia huku wakicheka. Nilipenda sana! Nani hapendi kujulikana?

Sikufikiri kwamba kuna mahali watu hawacheki.

Dada yangu Kavira alikuwa amekimbia shamba lake huko Mbau baada ya majirani zake kuuawa kwa mapanga na watu waliotoka msituni. Akapanga chumba Beni, katika commune ya Ruwenzori. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, kumpelekea maharagi na nguo za watoto.

Kumbe siku zile Paluku alikata kipande cha filme yetu mpya na kukitupa WhatsApp ili watu waitamani! Mimi natoka kwenye migomba na panga lenye damu... Hakuandika jina la filme. Hakuandika kwamba ni mchezo! Kipande kikapita simu kwa simu, na kilipofika Beni, mtu nisiyemjua alikuwa amekiongezea sauti iliyonifanya muuaji wa kweli: "Mumuangalie muzuri huyu. Njo anatumalizaka."

Nami nikaingia Beni asubuhi, sina habari.

Niliposhuka, nilivua kofia ili nijifute jasho. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akanitazama. Akatazama simu yake. Akanitazama tena...

"Njo ule! Njo ule wa ku video!"

Jamani, watu walitokea wapi wote wale? Jiwe la kwanza lilinipata begani. Wakanivua shati. Mtu akaja akivingirisha tairi kuukuu, na nikasikia harufu ya essence, petroli ya kunichomea. Nikapiga kelele kwamba mimi ni acteur, ni filme tu, wamuulize Paluku! Dereva mmoja wa moto akaninyang'anya simu, akampigia, akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Paluku!" nililia. "Uambie hawa bandugu! Uambie kama ni filme!"

Nilimsikia akipumua.

"Miye sijue ule mutu," alisema. "Mulikosea numéro."

Akakata!

Nimekula naye sahani moja tangu utoto... Alisikia kelele za watu, akaogopa asije akaitwa mwenzangu. Hata leo najiuliza: mimi ningefanyaje mahali pake? Lakini sikuwa mahali pake. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya tairi.

Kavira alifika mbio, bila viatu, akilia kwamba mimi ni mdogo wake. Wakamsukuma akaanguka, wakisema naye anaficha wauaji.

Ndipo akapita mama mmoja aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Baadaye niliambiwa anaitwa Mama Masika, na kwamba mume wake aliuawa shambani. Nilidhani anakuja kunimaliza.

"Mumuache kwanza," alisema. "Hii sura nayijua. Bwana yangu alikuwaka anaangalia filme yake kila siku. Ku mwisho anakufaka, anaita mama yake." Akanigeukia. "Kama weye njo ule acteur, kufa basi, tuone."

Wasomaji wenzangu, katika filme nilikuwa nimekufa mara nyingi. Lakini pale maneno yote yalinitoroka. Nikasimama. Nikashika tumbo kama aliyepigwa risasi. Nikapapasa ukuta usiokuwepo. Nikautazama mkono wangu, nao ulikuwa na damu ya kweli kutokana na mawe.

"Mama... baridi... unifunike..."

Nikaanguka vumbini, macho wazi. Sikuthubutu kupepesa. Je, wasipoamini? Je, nikiwashiwa moto nikiwa nimelala hivi hivi?

Kisha nikamsikia Mama Masika.

"Njo yeye," alisema. "Njo vile anakufaka."

Akaanza kulia. Hakunililia mimi, alimlilia mume wake.

Tairi likaangushwa. Hata hivyo wengine hawakuamini, na mawe yakaanza tena, mpaka askari walipofika na kunipeleka cachot, chumba cha mahabusu. Huko nilikaa hadi Kavira alipoipata filme nzima, iliyokuwa imeshaanza kuuzwa sokoni, akawaletea askari. Naye siku ileile mwenye nyumba alikuwa amemtolea vitu nje, akisema hakai na dada wa muuaji.

Niliporudi Butembo, binti yangu mdogo alijificha nyuma ya mama yake. Alikuwa ameiona video kwa jirani. Mtoto wangu mwenyewe!

Paluku alikuja nyumbani. Alisema pardon, alisema aliogopa. Nilikuwa karibu kumsamehe... Kisha akainua kichwa: "Mais Katembo, hii histoire yako ya Beni ni filme kali. Utacheza weye mwenyewe?"

Nilimfungulia mlango atoke. Sijacheza tena.

Wapendwa, ninyi mnaopiga filme, msiuchezee uchungu wa watu ambao bado wanazika. Na wewe mwenye simu, nakusihi, usitume video ya mtu usiyemjua! Mimi niliponea kwa sababu marehemu mmoja alipenda kuniangalia nikifa. Ndugu yako yeye ataponea kwa sababu gani?