Saa ya Baba Hiyam

Saa ilikuwa imelala kwenye droo tangu Jumapili, na Alhamisi asubuhi, Nisrin alipoivuta droo kutafuta betri za rimoti, aliikuta inatembea.

Akasimama kuitazama. Saa ya otomatiki haina betri. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma kinachozunguka kila mkono wa mvaaji unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaoijaza. Ukiivua, inajimaliza yenyewe siku ya pili na kusimama. Nisrin alikuwa na mwaka wa tatu katika duka la Haji Tahsin, fundi na muuzaji wa saa za kifahari zilizokwishavaliwa na wengine, pale Warren Avenue, na mambo haya hakuhitaji kufundishwa tena. Siku nne zilikuwa nyingi mno. Aliigusa. Ilikuwa na joto, kama saa iliyovuliwa sasa hivi.

"Baba, ulivaa saa jana?"

"Niivae wapi, mbele ya tanuri?" Ghassan alijibu kutoka ukumbini, akifunga viatu vya kwendea bekari. "Hiyo ni ya arusi na misiba. Irudishe ilipokuwa."

Aliirudisha. Alipokuwa akiisukuma droo alisikia kile chuma cha ndani kikizunguka, shh, shh, kama mtu anayetembea taratibu huku akitupa mkono.

Angeweza kusema kitu siku ile ile. Hakusema, na sababu yake ilikuwa mbaya: alijua alichokifanya.

Saa ile ilikuja dukani mwezi uliopita pamoja na vitu vya mzee mmoja aliyefariki Toledo. Nyuma yake, kwenye mfuniko unaokaa juu ya ngozi, palikuwa na maandishi yaliyochongwa kwa mkono: KWA BABA, KUTOKA KWA HIYAM. Ghassan aliipenda akiwa bado mlangoni. Miaka thelathini alikuwa akiitamani saa ya namna ile, akachukua akiba yake akailipa palepale. Kisha akaigeuza.

"Hili jina litoke," alimwambia bintiye. "Sitavaa binti wa mtu mwingine mkononi."

Haji Tahsin alikuwa na sheria chache, na hii ilikuwa ya kwanza: mikwaruzo ni uchafu, maandishi si uchafu. Kwa hiyo wakangoja Ijumaa. Haji alipokwenda msikitini, Nisrin aliuweka mfuniko kwenye gurudumu la kung'arishia na kuukandamiza, na herufi zikaondoka moja baada ya moja, hadi chuma kikawa laini kama kijiko kipya. Dakika kumi na moja. Baba yake alisimama nyuma yake akitabasamu, na yeye akafurahi kwa kuwa baba yake alifurahi.

Ni lazima ieleweke jinsi Ghassan alivyokuwa. Wanaume wa Kiarabu wa Dearborn huitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na aliyepata binti tu, watu humkopesha jina la mwana wa kiume ambaye hajazaliwa, eti kumtakia heri. Wenzake wa mkahawani walijaribu. Ghassan aliwakata palepale. "Mimi ni Baba Nisrin," aliwaambia. "Ambaye ulimi wake hauwezi kulitamka akanunue mkate kwingine." Miaka ishirini na mbili hakuna aliyemwita vingine. Nisrin alilikulia jina lile. Alitembea nalo mtaani kama mtu mwenye koti zuri.

Alhamisi ile ile, Ghassan alirudi nyumbani saa kumi jioni na unga kwenye nyusi, akaingia bafuni, akaita:

"Hiyam, niletee taulo."

Mama Nisrin alikuwa jikoni akikaanga vitunguu vya kuweka juu ya wali wa dengu. Mwiko ulisimama.

"Amemwita nani?"

Nisrin alipeleka taulo akiwa amefura.

"Baba, umeniitaje?"

"Nimekuitaje? Nimekuita jina lako." Alikunja uso. Mkononi mwake, juu ya ngozi iliyolowa, ilikuwapo saa. "Mbona umenuna, Hiyam?"

Usiulize chakula cha jioni ile kilikuwaje. Mama Nisrin, ambaye jina lake ni Ibtisam na ambaye hasira zake hazina breki, aliweka sahani mezani kwa kishindo mpaka chumvi ikamwagika.

"Ni nani huyo?" aliuliza kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi. "Anakaa wapi? Anajua una mke? Anajua unakoroma?"

"Wewe mwanamke, umerukwa?"

"Mwenye jina hilo ndiye aliyekununulia saa, au ulimnunulia ya kwake pia?"

Nisrin alikaa katikati yao akitafuna dengu zisizo na ladha. Jina alilijua. Angeweza kumwondolea mama yake shaka kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ilianza na neno *mimi*, akaimeza. Papo hapo akasikia harufu: sigara kali na mafuta ya mashine, harufu ya mtu aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote. Baba yake hakuwa amevuta sigara hata siku moja.

Jumamosi alikwenda bekari asubuhi kabla ya kazi. Foleni ilifika mlangoni, watu wakikung'uta theluji viatuni.

"Baba Hiyam, nipe vimkate sita vya fatayer, vya mchicha," alisema Bi Zahra, jirani yao wa miaka yote.

"Baba Nisrin," Nisrin alimsahihisha.

Bi Zahra alimgeukia kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni. "Nani Nisrin, mwanangu?"

Nisrin alipenya foleni hadi kwenye kaunta. Ghassan aliinua macho. Mikono yake yote ilikuwa nyeupe kwa unga isipokuwa mahali pamoja, duara ya ngozi safi kuzunguka saa, ambapo unga ulikuwa umekataa kukaa. Alimtazama bintiye, akatabasamu tabasamu lile analowapa wateja.

"Karibu, binti. Nikupe nini?"

Alitaka kumpiga. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, kabla ya woga: alitaka kupiga kioo cha kaunta ngumi na kumwambia, umenibeba mgongoni hadi shule siku barabara zimefungwa kwa theluji, uliapa mbele ya mkahawa mzima, na leo unaniuliza unipe nini. Lakini machoni mwa baba yake hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Alitoka akikimbia, akaenda moja kwa moja kwa Haji Tahsin, akasema yote, kuanzia neno *mimi*.

Haji alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akavua lenzi ya jichoni akaitupa mezani.

"Miaka mitatu nakufundisha," alisema. "Nilikwambia nini kuhusu maandishi?"

"Si uchafu."

"Na ukafanya."

"Baba ndiye aliyetaka."

"Baba yako ni mwokaji. Wewe ndiye fundi." Alichukua simu, akampigia aliyemuuzia vitu vya yule mzee, akasikiliza kwa muda mrefu. Alipokata, sauti ilikuwa imepungua. "Alikuwa mjane. Binti mmoja tu. Alimnunulia saa hiyo kwa mshahara wake wa kwanza, na mwaka uliofuata akafa kwa ajali ya gari. Mzee ameivaa tangu hapo. Alikuwa anaivua asubuhi tu, analipapasa jina kwa kidole gumba, anaivaa tena."

"Kwa hiyo ni yeye? Mzee?"

"Mzee amekwenda kwa Mola wake, hana habari na sisi. Lakini kila mtu anazaliwa na jini mwenzake, na huyo wake hakufa naye. Amebaki na saa. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kusoma, wewe umekisaga." Alifungua kompyuta, akatafuta picha, maana kila saa iliyoingia dukani aliipiga picha pande zote. Maandishi yakatokea kwenye kioo, H yake imeinama kidogo. "Aliyefuta ndiye aandike. Kwa mkono. Hivi hivi."

Siku nzima alichonga kwenye mabaki ya chuma hadi vidole vikavimba. Jumapili mchana akaenda nyumbani na kisu cha kuchongea, Haji Tahsin nyuma yake akisoma dua chini kwa chini, na Mama Nisrin akiwafungulia mlango kwa macho mekundu.

Ghassan alikuwa ameketi sebuleni, mgongo umenyooka, viganja juu ya magoti. Mkono wa kushoto ulikuwa ukitikisika wenyewe, huku na huku, taratibu, bila kupumzika. Shh, shh.

"Nipe saa," Nisrin alisema.

"Miaka thelathini na sita," ilijibu sauti ambayo haikuwa ya baba yake, kavu, ya mtu wa sigara. "Kila asubuhi tulilisoma jina. Wewe ulichukua dakika kumi na moja."

"Nitakurudishia. Nawe nirudishie langu."

"Langu kwanza."

Mkanda ulifunguka bila mtu kuugusa. Nisrin aliichukua saa, ikamchoma kiganja, akapiga magoti kwenye meza ya kahawa akaanza kuchonga, na kila herufi aliyoimaliza harufu ya mafuta ilizidi, na Haji akapandisha kisomo, na mama yake akawa analia jikoni mdomo umefunikwa kwa kitambaa, na ile sauti kavu ikainama juu ya bega lake ikiifuata kila herufi kwa kunong'ona kama mtoto anayejifunza kusoma, pumzi yake baridi shingoni mwake, na Nisrin, aliyekuwa na hasira na jini na baba na gurudumu na mikono yake mwenyewe, hakugeuka wala hakuacha hadi alipofika kwenye M ya mwisho na kuifunga.

Mshale wa sekunde ukasimama.

Harufu ikaondoka kama dirisha limefunguliwa. Ghassan alikohoa, akafikicha macho.

"Nisrin," alisema. "Mbona uko sakafuni, mwanangu? Nani amekuliza?"

Alimkumbatia akalia kama ambavyo hakuwa amelia tangu utotoni. Haji Tahsin alifuta jasho. Walikubaliana kwamba kesho saa ipelekwe Toledo ikazikwe kwenye kaburi la mwenyewe, na kwa usiku mmoja tu iwekwe ghorofani, chumbani kwa Nisrin, ndani ya sanduku la chuma. Haji akaaga.

Mama Nisrin akapakua chakula. Alikuwa anaimba kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nisrin alimsaidia kubeba maji, akaketi, akaona meza.

"Mama, nani anakuja?"

"Nani aje na theluji hii?"

"Umeweka sahani nne."

Mama yake akazihesabu, akamtazama kwa mshangao. "Na sisi wangapi? Panda ukamwite dada yako, chakula kinapoa."

Nisrin alimgeukia baba yake, yule baba ambaye yeye alimrudisha kwa vidole vilivyovimba, aliyemwita kwa jina lake dakika chache zilizopita.

"Baba. Mimi sina dada."

Ghassan alicheka, akamega mkate. "Mmegombana tena?"

"Wewe ni nani? Unaitwaje mtaani? Niambie."

"Baba Hiyam," alisema kwa upole, kama anayemtuliza mtoto mwenye wivu. "Usikasirike, Nisrin. Mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza."

Juu, chumbani kwa Nisrin, mlango ulifunguka. Kisha hatua ngazini, taratibu, kama za mtu anayeshuka huku akitupa mkono, shh, shh, na Mama Nisrin akamvutia kiti cha nne.