Nani Alimnyamazisha Mhaiskarbua?

Maiti ya Mhaiskarbua, mwimbaji mkongwe wa mji wa Sangli, India, ilikuwa kifudifudi katika chumba cha kuvalia, kilemba kule, nyundo ya kukazia ngoma za tabla huku. Ukumbini watu walishajaa, wanangoja mchezo wa nyimbo uanze.

Inspekta Sulabha Ghorpade alichuchumaa. Damu bado mbichi. Nyundo imefutwa, haina hata alama ya kidole.

"Muuaji huyu hapa, afande!" Konstebo alimsukuma mbele Sohonibua, hasimu wa marehemu tangu ujana wao. "Asubuhi kasema atamziba mdomo."

"Kwa sauti yangu, bwege wewe!" mzee alifoka. "Afande, ukinipitisha na pingu mbele ya umati ule, hata ukiniachia kesho, nimekwisha."

Sulabha alijua ni kweli. Tena, mbwa abwekaye sana si lazima awe ndiye aliyeuma. Akamgeukia Shripad, mwanafunzi wa marehemu, aliyelelewa nyumbani kwake, akimpigia zeze la tambura kila alipoimba.

"Unamfahamu huyu?"

"Sohonibua?" Vidole vya kijana viliruka vikagusa ncha ya sikio. "Namjua kwa jina tu. Kwake sijakanyaga."

Inspekta aliukazia macho mkono ule. Waimbaji wa kwao hugusa sikio kwa heshima wakitaja jina la mwalimu wao. Kwa la mwalimu wa mwenzao hawagusi.

"Mwalimu wako nani?"

"Mhaiskarbua." Mkono ulibaki gotini.

"Haya, kitendawili, mwanangu. Nimemficha mgeni chumbani, mkono wangu wenyewe ukamfungulia mlango."

Shripad aliutazama mkono wake.

Sohonibua aliinamisha kichwa. "Alikuja kujifunza kwangu kwa siri, afande. Nilimwapia sitamtaja."

"Ukanyamaza hata pingu zikikungoja?"

"Kiapo ni kiapo."

Hapo kijana akaangua kilio. "Miaka yote Mhaiskarbua alinifundisha kumfuata nyuma, siyo kuimba mbele! Leo amegundua najifunza kwingine. Akasema atasimama jukwaani aniite msaliti wa nyumba yake. Nikamshika miguu, nikamlilia. Akanijibu, 'Kapige tambura, kelele za nini?' Akanipa mgongo. Nyundo ilikuwa karibu."

"Ukamuua kwa hilo?"

"Sijui kazi nyingine, afande. Angesema vile, nani angenisikiliza tena?"

Konstebo alikuwa anafungua pingu amfunge. Sohonibua akamsogelea kijana.

"Mimi," akasema. "Mimi ningekusikiliza."