Meno ya Kujaribia

Harufu ya karafuu ndiyo iliyotangulia. Fundi aliisikia mlangoni mwa karakana ya meno bandia, kabla hajawasha taa, akajiambia labda daktari kamwaga dawa yake ya kutuliza jino. Kisha akaona kitambaa cheupe kimeanguka sakafuni. Ule mkono wa roboti, waliouita Bibi Harusi kwa jinsi ulivyofunikwa na kulindwa, ulikuwa umechonga seti nzima ya meno. Na umeme wake ulizimwa tangu jana.

Aliitambua seti ile. Jino moja la chini, kushoto, lilijitokeza kuliko wenzake.

Kila asubuhi, kabla ya kazi za wagonjwa, Bibi Harusi huchonga seti ya kujaribia, ili ionekane kama mkono umekaa sawa. Seti hiyo haina mwenyewe, hutupwa. Lakini shangazi aliyemlea alipomwomba meno, Fundi alijiona ana shughuli nyingi. Hakumpima hata kinywa. Aliokota seti ya kujaribia, akaikwangua kwa tupa hapa na pale, jino moja la chini likabaki limejitokeza, akamvalisha hivyohivyo. Shangazi akashika shavu, akasema yanamkwaruza.

“Utazoea, shangazi,” akamjibu, macho kwenye simu.

Hakuzoea. Alikonda, akawa mtu wa vyakula vya majimaji, akipaka karafuu kwenye vidonda, mpaka wakamzika. Msibani watu walimsifu Fundi kwa kumtengenezea shangazi yake meno, naye akazipokea sifa zote. Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote.

Aliitupa seti ile. Kesho yake ilikuwa tena kwenye trei ya mashine, imelowa mate. Na mchana, wenzake walipokwenda kula akabaki peke yake, akasikia chini ya kitambaa mtu anatafuna, polepole, kwa ufizi, anatafuna kama anayeogopa kuuma, anapumzika, anaguna kwa maumivu, anaanza tena, na harufu ya karafuu ikazidi mpaka ikamkaa kooni, naye akashindwa kukimbia kwa sababu mguno ule aliujua tangu utotoni.

Daktari, aliyesimuliwa sauti ile akajidai haamini mambo hayo, ndiye aliyemleta mganga kimyakimya. Mganga akaushika ule mkono, akauachia upesi. Akauliza meno yale ni ya nani. Fundi akasema hajui.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” mganga akanong'ona. “Marehemu wako kapumzika. Huyu ni jini, na chakula chake ni siri yako. Kamwambie mwenye haki. Usimbakizie jini hata kipande.”

Mwenye haki alikuwa dada yake, binti wa shangazi. Alimkuta anakunja nguo. Fundi akaketi, akayaanza vizuri, yale maumivu, vile vidonda, kwamba meno ndiyo yaliyomkondesha shangazi. Ilibaki sentensi moja tu, kwamba hakumpima.

“Mashine ilikosea vipimo, dada.”

“Mama alijua hukumpima,” dada akasema, akiendelea kukunja nguo. “Alikuwa anayavaa ukija wewe tu. Ukishatoka anayatema, namfuta damu. Alinikataza nisikwambie. Alisema utaona haya.”

Fundi aliona haya kweli. Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli wote, hata kwa kulia. Akaaga, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata karakana haikunuka kitu. Kitambaa kilikuwa mahali pake. Fundi akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akakifunua.

Palikuwa na seti moja, kubwa, ya mwanamume. Jino la mbele lilikuwa limemeguka pembeni, vilevile kama lake yeye lilivyomeguka alipoanguka utotoni. Hakuwahi kupimwa kinywa na mtu yeyote. Akapitisha ulimi kwenye meno yake mwenyewe, moja moja.

La mbele likacheza. Na la pili.

Karafuu ikanuka nyuma ya shingo yake, na sauti aliyoizika ikamwambia kwa upole, “Utazoea, mwanangu.”