Dufu la Zuwena Laenda Mbio

Kila alasiri Zuwena aliosha vyombo vya babu yake, muuza kahawa wa Chemchem mjini Tabora. Kahawa iliyobaki kwenye birika ilitakiwa kumwagwa. Yeye akainywa! Maulidi yalikuwa yamekaribia, na ustadhi wa madrasa alikuwa amemchagua aongoze madufu ya qaswida. Zuwena hakutaka kuchoka hata kidogo.

Mwanzoni kikombe kimoja kilimchangamsha. Baadaye hakikutosha, akaongeza, akaongeza tena. Usingizi ukamkimbia. Darasani miguu ilimcheza chini ya dawati na kucha alizitafuna zote. Mazoezini mikono ilitetemeka, dufu likaenda mbio, waimbaji wakabaki nyuma.

"We Zuwena, unakimbizwa na nani?" rafiki yake Batuli alimtania.

Wote wakacheka, isipokuwa ustadhi. "Usipotulia kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, Batuli ataongoza."

Lo, roho ilimuuma! Akaapa kutoigusa tena kahawa. Kesho yake kichwa kikamgonga vibaya, akasinzia dufu likiwa mapajani. Alirudi nyumbani analia, akamkuta shangazi yake Tatu, muuguzi, amekuja kumjulia hali babu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo? Unakunywa nini wewe?"

"Chai tu."

"Zuwena!"

Basi akasema yote, kwikwi zikimkata maneno.

"Sikiliza, mwanangu," shangazi alisema. "Neva za ubongo hupokezana habari. Zinapokutana pana vipokezi, tuseme milango midogo. Habari ya uchovu hupitia humo. Kahawa huiziba milango hiyo. Ubongo nao haukubali. Unaongeza milango mingine ili habari ifike. Ndiyo maana kikombe kimoja hakikukutosha. Ulipoacha ghafla, milango yote ikawa wazi, uchovu ukakuvamia."

"Nimeuharibu ubongo wangu?"

"Hapana, ubongo umejirekebisha tu. Ukiacha kahawa, nao utaipunguza milango wenyewe. Ila hauharakishwi. Lala mapema, na ustadhi umwambie kweli."

Zuwena alimwambia, uso chini. Ustadhi aliguna, akampa ruhusa ya kupumzika. Lakini Ijumaa ilibaki palepale.

Siku zote hizo Zuwena hakugusa kahawa, akalala mapema. Ijumaa ilipofika, alishika dufu. Akapiga pigo la kwanza. La pili likafuata bila haraka, waimbaji wakaingia, na hakuna aliyebaki nyuma.

"Ataongoza huyuhuyu," ustadhi alisema, na Batuli akawa wa kwanza kupiga vigelegele.

Nyumbani shangazi alimkumbatia. "Ubongo wako ulihangaika siku zote zile kukwambia neno moja tu, umechoka. Siku nyingine ukikwambia, usibishane nao. Nenda kalale."

Zuwena akaenda.