Makapi Chini ya Daraja

Kila asubuhi mjini Kasongo, kabla ya kwenda shuleni, Mwanvua alimsaidia mama yake, Aziza, kutwanga na kupepeta mpunga. Kutupa makapi ilikuwa kazi yake. Shimo la taka lilikuwa mbali, nyuma ya nyumba, lakini mfereji wa barabara ulipita mlangoni. Basi aliyamwaga humo, akakimbilia shule.

Msimu wa mvua ulipofika, mvua kubwa ilinyesha mchana kutwa. Maji yalifurika kutoka mferejini, yakaingia nyumbani kwa jirani yao mjane aliyekaa chini yao mteremkoni, Mama Léontine, yakalowesha mbegu zake zote za mpunga.

"Kosa ni la kapita Bulaimu!" majirani walimlalamikia msimamizi huyo wa kazi za barabara. "Alichimbisha mufereji mubaya!"

Mwanvua alishangaa. Kama mfereji ni mbaya, mbona mwaka jana maji hayakuingia kwa mtu? Mvua ilipopungua, alidondosha jani la mgomba majini, akalifuata. Jani lilikwenda mbio, kisha polepole, kisha likasimama kwenye daraja dogo la magogo. Ng'ambo ya daraja, maji yalikuwa yanadondoka tu. Yamezuiwa na nini? Alipiga magoti, akachokora chini ya magogo kwa kijiti kirefu. Kijiti kilitoka na tope lililojaa makapi ya mpunga.

Aliyatambua.

"Unatafuta nini mule, mutoto?" Kapita Bulaimu alikuwa amesimama nyuma yake na jembe begani.

Angeweza kunyamaza, kapita alikwisha kulaumiwa. Mwanvua alimwonyesha lile tope. "Baba Kapita, mufereji wako iko muzuri. Ni mimi niliuziba. Makapi haya ni yetu."

Bulaimu hakumgombeza. Aliwaita majirani, wakachimbua pamoja, na baadhi yao wakaona humo majivu na maganda ya mihogo ya nyumbani kwao. Mara maji yalinguruma, yakapita.

Aziza alimshika mkono Mama Léontine. "Dada, mbegu zangu tutagawana."

Kisha Bulaimu akamwambia Mwanvua mbele ya wote: "Taka ukiitupa kwenye maji, haipotei, inaenda kuumiza mutu anayekaa chini, kule maji yanaenda. Sisi wakubwa tulipiga kelele. Wewe ulikwenda kutazama, na ulichokiona ukakisema, hata kama kosa lilikuwa lako. Usiache tabia hiyo."