Ng'ombe Mmoja wa Masakta

Siku ya mnada Katesh, ng'ombe walikuwa wengi barabarani kuliko watu, na katikati yao alipita kijana aliyekumbatia kompyuta kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Fahali akamsukuma. Kijana akaangukia mlangoni mwa kibanda cha simu cha Leticia, shati lake jeupe likiwa na tope mgongo mzima.

"Samahani, dada. Hii ni foleni ya simu?"

"Ni foleni ya watu," Leticia akajibu bila kuinua macho. "Ng'ombe wanapigia kule chini."

Aliitwa Clement. Ushirika wa wafugaji ulimpa wiki tatu kuunda daftari la ng'ombe la kompyuta: mashine kubwa, yaani seva, ikae Katesh na rekodi zote, na mashine ndogo ya kijiji cha Masakta iwe inaiuliza kwa waya wa simu. Akishindwa, anarudi Arusha. Alikuwa na vyombo viwili vya kuandikia programu, na hakujua achague kipi. Kimoja kilichora madirisha ya rangi na vitufe vya kupendeza. Kingine kilikuwa kikavu kama kiporo cha ugali. Kila jioni alikuja kumpigia rafiki yake kuomba ushauri, na kila jioni alibaki kibandani hata baada ya kukata simu. Alisifu sweta ya kijani ya Leticia. Leticia alimwambia shati lake bado linanuka fahali.

Nyuma ya dirisha la kibanda, ambako watu humwona mikono tu, Leticia, mwenye haya mbele za watu, alikuwa mwepesi wa maneno. Clement akaamini amemaliza sekondari. Akamwachia kitabu kinene cha Kiingereza, asome sura ya tatu amshauri kuhusu vyombo vyake viwili. Leticia aliishia darasa la nne. Alikifungua, akakifunga, aibu ikamjaa hadi masikioni. Asubuhi akamtuma Gregory, muuza maziwa, akirudishe. Hakutuma neno lolote.

Clement alimwona Gregory, mrefu, mwenye baiskeli mpya na tabasamu, akajijibu mwenyewe kuwa huyo ndiye mchumba wa Leticia. Tangu siku hiyo akawa anapigia simu kwa Helena, mwenye kibanda kingine ng'ambo ya barabara, akichungulia kibanda cha Leticia mpaka Helena akamwomba asizibe mlango. Kwa hasira hizo hizo akachagua chombo cha rangi.

Siku ya majaribio wazee walijaa ofisi ya ushirika. Leticia aliitwa kwa sababu waya ulipitia kibandani kwake. Akasimama karibu na mlango. Mzee Gidahosh, mwenyekiti wa ushirika, akaagiza atafutwe ng'ombe wake mmoja, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Watu wa Masakta wakabonyeza. Wakangoja. Chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaoshwa.

"Amelala?" mzee akauliza.

"Inavuta rekodi zote kwanza, mzee. Ng'ombe elfu nne. Halafu mashine ya Masakta itamchagua."

"Mimi nataka ng'ombe mmoja, wewe unaswaga ng'ombe wa wilaya nzima ya Hanang mpaka Masakta?"

Wazee wakacheka. Clement akatazama viatu vyake. Leticia alizungumza akiuangalia mlango.

"Mimi mtu wa Masakta akipiga simu kumtaka Getruda, sipeleki mnada mzima kwenye simu. Namtafuta Getruda hapa hapa, anaongea yeye tu."

Clement akainua kichwa polepole. "Kile kikavu," akasema. "Kile kinatuma swali, seva inachagua huku huku, linakwenda jibu tu."

Mzee Gidahosh akampa siku nne. Mlangoni, Clement akamwuliza Leticia kwa nini kitabu kilirudishwa na mchumba wake.

"Gregory ni mtoto wa shangazi. Kitabu sikukiweza. Niliishia la nne."

"Mimi nilikimaliza, Leti. Na hicho ulichosema sikukiona."

Siku ya nne simu ikalia kibandani. Alikuwa Clement.

"Masakta hapa. Yule mwekundu amepatikana kabla mzee hajakaa."

"Hongera."

"Sasa niitie mtu mmoja. Leticia, binti wa mzee Nikolausi."

Kazi ni kazi. Leticia akalaza simu mezani, akatoka nje, akaita jina lake mwenyewe mara mbili mbele ya soko zima, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele ya watu. Akarudi anahema.

"Amefika."

"Muulize kama naweza kwenda kwao Jumapili, na wazee."

Leticia akainyoosha sweta yake ya kijani.

"Kaka, amejibu. Anasema njoo. Ila usiswage ukoo mzima. Wazee wawili wanatosha."