Jembe Lililokwenda Shuleni

Sare ya Imelda ilikuwa na tope tena. Halikuwa tope la njiani. Tope la njiani hukaa kwenye viatu na pindo la sketi. Hili lilikuwa kifuani, kwenye mikono, na jingine kwenye kola. Limi aliliinua lile shati jeupe, akalitazama, akalirudisha kwenye beseni. Alifua mpaka maji yakawa kama uji wa ulezi, na bado doa lilibaki.

Alimwuliza binti yake tope limetoka wapi. Imelda akajibu kwamba darasani walikuwa wanafinyanga. Wanafinyanga nini? Wanafinyanga a. Limi hakuelewa mtu anafinyangaje a. Alichoelewa ni kwamba sabuni imekwisha.

Imelda alikuwa ameanza darasa la kwanza mwezi wa kwanza, katika shule ya msingi ya kijijini kwao, Kisanga. Mama yake alitegemea kwamba mtoto akienda shule atarudi na maandishi. Lakini Imelda alirudi na mambo. Wiki moja mwalimu alitaka visoda, vile vizibo vya chupa za soda. Nyumbani kwao hakuna anayekunywa soda, kwa hiyo Limi aliviokota njiani huku watu wakimtazama. Wiki iliyofuata yalitakiwa majani ya miti, marefu na mafupi. Halafu maboksi matupu. Halafu mbegu za maharage, nazo zilikuwa zimebaki za kupanda tu.

Jioni Imelda alipima kila kitu kwa kamba. Alimpima mbuzi. Aliupima mwiko wa mama yake wakati ugali uko motoni. Aliimba a, e, i, o, u mpaka mdogo wake akajua kulia kwa wimbo huo huo. Na ukifungua daftari lake, kurasa nyingi zilikuwa nyeupe.

Masunga, baba yake Imelda, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja huku Kilosa na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, akapata shamba, akatulia. Yeye mwenyewe alisoma kidogo, akaweza kuandika barua. Alisema kucheza hata nyumbani kunachezwa. Kama ikifika likizo ya mwezi wa sita mtoto hajui kusoma, ataenda kwa Bundala, kaka yake Masunga anayekaa upande wa Dumila, akachunge ndama.

Maneno yale yalimkaa Limi kifuani kama mwiba wa samaki. Yeye mwenyewe aliachia shule darasa la nne. Baba yake alihama na ng'ombe, na ndama walihitaji mtu. Tangu siku ile, akimwona mwalimu njiani, Limi huhamia upande wa pili. Mkutano wa wazazi ulipoitwa, alisema mtoto mdogo ana homa. Mtoto hakuwa na homa. Limi aliogopa kuulizwa kitu mbele za watu.

Mvua za masika zilipokolea, na magugu yakaanza kushindana na mahindi, Imelda alikuja na jambo jipya.

"Mayu," alisema, maana nyumbani humwita mama yake hivyo, kwa Kisukuma. "Mwalimu kasema Jumatatu kila mtu alete zana."

"Zana gani?"

"Zana. Kasema mama anajua."

Limi alijua, au alidhani anajua. Kila siku redio ilisema zana za kilimo. Zana ni jembe, zana ni plau. Alikaa akawaza. Walikuwa na majembe mawili tu, moja zima na moja lililokwisha mpaka likafanana na kijiko. Akaona aibu kumpa mtoto lile bovu. Jumatatu asubuhi Imelda akaondoka na jembe zima begani, mpini ukiwa mrefu kuliko yeye.

Masunga alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. "Wiki ijayo watataka plau," alisema, "na ng'ombe wawili wa kulivuta."

Jembe halikurudi Jumatatu. Halikurudi Jumanne. Limi alipouliza, Imelda alisema mwalimu kashukuru sana, na jembe liko stoo. Limi akapalilia kwa kile kijiko. Kila alipokipiga chini, kiliruka kama panzi. Magugu yalibaki yamesimama yakimtazama. Viganja vilitoka malengelenge, na mgongo ukawa wa kibibi.

Jumatano jioni Masunga aliuona mkono wa mke wake. Akasema sasa ameelewa. Hiyo si shule, ni kibarua. Walimu wamepata watoto wa kuwalimia mashamba, na majembe juu. Hakuna haja ya kusubiri mwezi wa sita. Ijumaa kuna gari linalopeleka mizigo Dumila. Imelda ataondoka nalo.

Usiku ule Limi hakulala vizuri. Alimkasirikia mwalimu. Alimkasirikia Masunga. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa na mdomo usiofunguka.

Asubuhi Joha alikuja kuchukua maziwa kama kawaida yake. Joha ana kibanda cha chai kule Mikumi, kando ya barabara kuu. Wanawe wote wamepita katika shule ile, na aliwahi kuwa kwenye kamati ya shule. Alimkuta Limi anamimina maziwa nje ya kopo.

"Mama Imelda, leo unamnywesha nani, mimi au ardhi?"

Hapo Limi akabubujika. Alieleza tope, alieleza visoda, alieleza jembe na Dumila. Joha alisikiliza vizuri mpaka Limi alipotaja zana. Akaweka kopo chini. Akacheka mpaka akakaa kwenye gogo na kujifuta macho kwa kanga. Limi alimwangalia kwa uchungu. Haikuwa siku ya kuchekwa.

"Nisamehe, mwenzangu," Joha alisema. "Zana ya darasa la kwanza ni kisoda. Ni kijiti, ni jani, ni boksi. Kitu chochote cha kufundishia wao wanaita zana. Mimi mwaka wa mwanangu wa kwanza nilipeleka panga."

"Kwa nini asiseme visoda?"

"Kwa sababu ndivyo walivyofundishwa chuoni. Na hakuna mzazi anayemwambia hatujaelewa. Tunaitikia tu. Mwalimu asiyeulizwa atajuaje?"

Limi akamwomba waende wote. Joha akakataa. Chai yake ilikuwa inasubiriwa na madereva. Isitoshe, alisema, mwenye jembe ni Limi. "Usiende kuuliza habari za masomo kama hilo linakuogopesha. Nenda kadai jembe lako. Mtu anayedai chake hakosi maneno."

Limi alioga, akavaa kitenge kizuri. Njia nzima alirudia sentensi moja: nimefuata jembe langu, nimefuata jembe langu. Alipofika shuleni alisimama karibu na dirisha la darasa la kwanza, akachungulia.

Alitegemea kukuta watoto wako shambani. Walikuwa ndani, wamekaa chini makundi makundi. Kundi moja lilipanga visoda kumi kumi kwenye vifuniko vya maboksi. Kundi jingine lilikuwa na udongo. Imelda alikuwa hapo, tope mpaka kwenye viwiko. Aliviringisha udongo ukawa kama nyoka mwembamba, akaukunja, akaulaza. Ukawa m. Akaweka a ubavuni. Akapitisha kidole juu yake na kusema ma. Mwenzake akaweka nyingine. Wakasema mama, wakacheka, wakaanza neno jingine.

Limi aliangalia kile kidole. Akakumbuka alivyolisugua lile shati.

Mwalimu Ditram alimwona, akatoka. Alikuwa kijana, na chaki ilikuwa mpaka kwenye nyusi. Akaamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefuata jembe langu." Ilitoka yote kwa mkupuo.

Mwalimu alishangaa. Alidhani wazazi wa Imelda wamelitoa zawadi kwa bustani ya shule. Alikuwa amelitangaza mstarini, na watoto wamepiga makofi. Limi alimweleza, kwa sauti ndogo, kwamba liliagizwa. Ziliagizwa zana.

Mwalimu Ditram alishika kichwa. "Ndiyo maana mwanafunzi wangu Oswald alikuja na shoka," alisema. "Nikamgombeza bure."

Akaenda stoo mwenyewe, akaleta jembe. Akaomba radhi. Kisha akamwonyesha Limi kazi za watoto. Mtoto wa miaka saba, alisema, vidole vyake bado havijakomaa kwa kalamu. Udongo unavikomaza, na herufi inaingia mkononi kabla ya kuingia kichwani. Akiambiwa tano bila kushika vitu vitano, tano inabaki wimbo tu. Akipima kwa kamba, anajifunza refu na fupi. Daftari litajaa, lakini linajaa mwishoni.

Limi alikusanya nguvu zake zote. "Atajua kusoma kabla ya kesho?"

Mwalimu alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. Akauliza kuna nini kesho. Limi akamwambia.

Mwalimu akageuka, akamtazama Imelda dirishani. "Mama, mmewahi kumwambia awaonyeshe?"

Hawakuwahi. Walimwuliza tope limetoka wapi. Hawakumwuliza tope lilikuwa neno gani.

Jioni ile Masunga alikuwa amekwisha kufunga nguo za Imelda kwenye kanga kuukuu. Mvua ilikuwa imepita, na uwanja ulikuwa laini. Limi akaliegemeza jembe ukutani. Akamwita Imelda, akampa kijiti. Alisema mbele ya mume wake bila kuangalia chini.

"Andika hapo. Baba yako aone."

Imelda alipiga magoti. Aliandika polepole, huku midomo ikicheza. Masunga alikuja nyuma yake, akasoma kwa sauti: "Jembe la mayu limerudi." Akakunja uso. "Mayu si neno la shule."

"Mwalimu kasema herufi zinaandika chochote unachosema," Imelda alimjibu.

Masunga alijikuna kidevu. "Andika Masunga."

Imelda aliandika ma. Akaandika su. Hapo akasita. Kijiti kilikaa hewani. Mtoto akaandika ga, akamwangalia baba yake.

"Masuga," Masunga alisoma. "Hapo umenipunguza."

Imelda hakulia. Alifumba macho, akasema polepole, nga, nga, nga, huku kidole kikichora kwenye paja kama kinavyochora kwenye udongo. Kisha akafuta kwa kiganja, akaandika upya. Herufi zilikuwa zimepinda, lakini hakuna iliyokosekana.

Masunga alilitazama jina lake pale chini kwa muda mrefu. Mbuzi mmoja alitaka kupita juu yake, akamfukuza. Halafu akaenda kwenye lile furushi, akafungua fundo. "Bundala atatafuta mtu wa ndama," alisema.

Palizi iliisha kwa jembe zima. Kila jioni Imelda alionyesha alichofanya siku ile, na Limi aliangalia, hata kama ugali unangoja. Ilipofika likizo ya mwezi wa sita, Imelda alisoma maandishi ya kwenye gunia la mbolea, akasoma na ya kwenye kanga za mama yake, mengine ambayo si ya mtoto kusoma.

Kabla ya kufunga shule wazazi waliitwa mkutanoni. Safari hii hakuna mtoto aliyepata homa. Mwalimu Ditram alisema muhula ujao anaomba vifaa vya ujazo. Wazazi wote wakaitikia kwa kichwa. Limi akaangalia kulia na kushoto. Mkono wake ukapanda wenyewe.

"Mwalimu, hivyo ni vitu gani?"

Mwalimu akasimama, akakumbuka, akatabasamu. "Makopo, mama. Makopo matupu na chupa, watoto wapimie maji."

Nyuma kabisa mzee mmoja alishusha pumzi. Akasema yeye alikuwa ameshaanza kufikiria debe la mahindi.

Siku ya kwanza ya muhula mpya, Imelda alirudi na tope mpaka kwenye kola. Limi alimvua lile shati, akaliinua, akaguna. Sabuni ilikuwa imekwisha tena. Akavuta kigoda karibu na beseni.

"Haya," alisema. "Leo hili lilikuwa neno gani?"